Vijiti Vitatu vya Mwasmini

Mume niliyemtaka nilimkosa kwa sababu ya vijiti vitatu vya mwasmini, na aliyenikosesha ni mimi mwenyewe. Ninalisema hili mwanzo nisije nikasimulia kama mtu aliyeonewa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, macho yangu yaliona vizuri, na kila nilichokiona nilikitilia shaka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Ramadhani ilipoangukia kwenye joto la mwisho wa kaskazi, na Idi ikaja kabla mvua za masika hazijaanza. Mimi na mama tulikaa kwenye nyumba ya ghorofa moja, katika kichochoro cha mji wa kale, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu. Juu, kwenye sakafu ya paa iliyo wazi, mama alikuwa na bustani yake ya madebe: mirehani, mawaridi mawili yaliyokuwa yakifa na kufufuka kila mwaka, na miasmini kumi na mmoja. Miasmini ndiyo iliyotulisha. Mama alikuwa akitunga makoja ya shingoni na vikuba vya kifuani vya maharusi, na tangu baba afariki hapakuwa na mkono mwingine wa kutuletea kitu.

Anayezijua harusi za kwetu anajua kwamba Ramadhani ikiisha tu, watu huoa kama waliofunguliwa kamba. Kila nyumba yataka maua, na mwaka ambao Idi inatangulia mvua, maua hakuna. Mwasmini hulala kwa jua la kaskazi ukingoja masika, na unapochanua, bibi harusi ameshaingia ndani zamani. Mama peke yake ndiye aliyekuwa na asmini mapema. Aliinyima miti yake maji wiki nyingi, mpaka majani yakalegea na mimi nikaionea huruma. Kisha aliyapurura majani yote kwa mkono na kukata ncha za matawi. Mwezi wa Ramadhani ukishaandama, tukaanza kuimwagilia kwa wingi kila jioni, na mara mbili kwa wiki tukaipa maji tuliyooshea samaki. Harufu ile nisikwambie. Lakini kumi la mwisho la mfungo likiingia, vitumba vilikuwa vimejaa, vyeupe na vigumu, vikingoja kuchumwa alasiri kabla ya kufunguka.

Ujuzi huu hatukumwambia mtu. Mama alianika nguo upande wa majirani hata kama zilikuwa zimekauka, na kila nilipouliza alinijibu, "Watu wana mato," yaani macho. Niliurithi ushuku wake nikauzidisha. Paka akipita ukutani mimi huuliza ametoka nyumba gani.

Yule niliyemtaka alifanya kazi kwenye duka la dawa, mwendo wa dakika chache kutoka kwetu. Nilikwenda pale kumchukulia mama vidonge vya presha. Alikuwa kijana mtaratibu, hakuwa na maneno mengi, na aliandika maelezo ya dawa kwa hati nzuri kuliko hati ya mwalimu wangu yeyote. Kila mara aliniuliza, "Asmini za mama zaendeleaje?" Nilipenda kuulizwa, na hapohapo nikajiuliza kwa nini aulize. Mwanamume ana haja gani na asmini?

Wiki ya kwanza ya Ramadhani, baada ya alasiri, nikasikia hodi. Alikuwa mama mtu mzima, buibui lake limechakaa lakini safi. Sikuwa nimewahi kumwona.

"Karibu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mamako yupo?"

"Ametoka, yuko sokoni."

"Basi si neno. Nimesikia mna asmini nzuri. Nalitaka vijiti vitatu tu, nikapande kwangu."

Kwetu aombaye mti hanyimwi. Mama alikuwa akishikilia kwamba ukimnyima mtu kijiti, mti wako mwenyewe hununa. Na mgeni mwenyewe alikuja mwezi wa toba. Nikamwambia arudi nishauriane na mama. Hakuondoka. Aliketi kwenye ngazi ya chini, akajipepea kwa ncha ya ukaya wake wa kichwani, akaanza kuuliza.

"Nani apandaye juu kumwagilia?"

"Mimi."

"Kila siku? Na maji haya mazito, huchoki?"

"Nikichoka hupumzika."

"Wapenda maua, au wamfanyia mamako tu?"

Swali gani hilo la kumuuliza mtu aliyefunga? Nikamwambia napenda. Akaitazama mikono yangu, kisha akaaga.

Siku ya pili yake akaja tena, mama hayupo tena, kana kwamba alikuwa akimvizia atoke. Safari hii aliuliza ninaamka saa ngapi kupika daku, nani asongaye ugali na nani akunaye nazi, na kama nimepata kulala nje ya nyumba hii hata siku moja. Nilimjibu kwa ufupi. Kichwani mwangu hesabu zilikuwa zinajipanga zenyewe: huyu anataka kujua sakafu yetu huwa haina mtu saa ngapi.

Alipoondoka nikajitupia buibui nikamfuata. Hakwenda mbali. Kwenye kona alisimama mlangoni kwa mama mwingine mtunga maua, jirani yetu, ambaye kila mwaka asmini zake zilichelewa na kila mwaka alitusalimu kwa midomo ya juujuu. Walizungumza kwa muda mrefu. Jirani akanyoosha mkono akaonyesha nyumba yetu, kisha wote wawili wakatabasamu. Nilijibanza nyuma ya mlango wa duka la vinyago, nikaona nimeshaujua ukweli wote.

Nikamweleza mama. Alikuwa akichagua mchele, hata hakuinua uso.

"Huenda yuwatumwa," akasema. "Lakini vijiti mpe. Kijiti hakisemi siri. Asojua kupurura ataketi na majani yake."

Ningemsikiliza, leo ningekuwa na mambo mengine ya kuandika. Lakini niliona mama amezeeka, hajui tena kujilinda. Watachukua mti wetu, kesho watachukua na njia yetu, na mwakani maharusi wote watapitia kona ile na kutuacha sisi na madebe. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Usiku nililala nayo na asubuhi nikaamka nayo.

Aliporudi mara ya tatu nilikuwa tayari. Nilimkaribisha kwa bashasha, nikapanda juu, nikakata vijiti vitatu vizuri, vinene kama kalamu, kila kimoja na vifundo vitatu, kama mama alivyonifunza. Kisha nikapitia jikoni. Birika la maji ya uji lilikuwa linachemka juu ya makaa. Nikamimina maji kwenye bakuli, nikavitumbukiza vijiti vyote, nikavizamisha kwa mwiko mpaka nikaridhika. Nikavifuta kwa kanga, nikavifunga kwa kitambaa chenye maji na gazeti juu yake. Kwa kuongezea nikamwambia uongo: amwagilie asubuhi na jioni, na asikate hata jani moja.

Alivipokea kwa mikono miwili.

"Mungu akupe mume mwema, mwanangu."

"Amin," nikasema, na moyoni nikacheka.

Siku chache baadaye nilikwenda kuchukua vidonge. Kijana wa duka la dawa alinifungia, akasita, akaniuliza, "Mmepata mgeni nyumbani?"

"Kwani wewe wauliza kama nani?"

Akashusha macho na kunipa bahasha yangu. Niliondoka nikiwaza kwamba na huyu naye yumo. Nikawaza pia kwamba, pamoja na kumpenda kote kule, angeniuza tu. Nililia kidogo njiani, chini ya ukaya, nikiona uchungu wa kusalitiwa na mtu ambaye hakunitendea lolote.

Idi ikaja na asmini zetu zikaja nayo. Siku ya tatu, mama alikuwa sebuleni ametandika mkeka, anatunga koja la harusi ya Kizingo, mimi jikoni nyuma ya pazia nakata vitunguu. Yule mama akabisha hodi. Safari hii alivaa buibui jipya. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana hali ya saumu na ya wagonjwa na ya joto. Kisha nikasikia gazeti linafunguliwa.

"Nimekurudishia hivi," akasema. "Sikuja kwa ugomvi, dadangu. Lakini nimeotesha maua tangu ni mtoto. Kijiti kilichokataa hukauka kuanzia ncha. Hivi vimegeuka rangi siku ya pili, na gome latoka kwa kidole. Hivi vimepitishwa kwenye maji ya moto, na alinipa kwa uso mkunjufu, nikamwombea dua, akaitikia amin."

 Kisu changu kilikuwa kimesimama katikati ya kitunguu.

"Mwanangu ndiye alonituma," akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Yule wa duka la dawa. Kila siku yuwanambia habari za msichana huyu. Nikasema sitaleta mshenga mpaka nimwone mwenyewe, akiwa hajui aonwa. Nikauliza na jirani yenu wa kwenye kona, akamsifu mpaka nikaona haya. Na vile vijiti, nalikuwa namtakia yeye. Nalitaka akija kwangu akute mti wa kwao umeshashika, asione upweke."

"Haya ni makosa," mama akasema. "Nisamehe."

"Nimesamehe, na yeye nimemsamehe. Lakini nyumba yangu ni ndogo, na mimi ni mtu wa kulala usingizi bila kumwogopa alo ndani. Mwanangu nimemwambia atafute pengine."

Akaaga vizuri, akamwombea mama heri ya Idi, akashuka ngazi polepole. Nilizihesabu hatua zake zote. Ningeweza kumkimbilia. Ningeweza kumshika miguu pale mlangoni nikamweleza habari za kona na za jirani na za hofu yangu, na pengine angecheka. Sikwenda. Hata wakati ule, sehemu yangu moja ilikuwa inauliza kama maneno yake ni ya kweli.

Mama akavuta pazia. Uzi wa koja ulikuwa bado mkononi mwake.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kwani?"

"Nalidhani ametumwa kutuibia. Nimefanya kwa ajili yako, mama."

"Mimi nalikwambia umpe."

Nikaanza kulia kwa sauti. Nilitaka anipige, au anikumbatie, au aseme kwamba kijana yule hakuwa wa maana. Aliketi kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akanitazama kama anayemtazama mpangaji mpya.

"Lau ungemkatalia mlangoni, ningekwita mchoyo, yakaisha. Lakini wewe umempa. Umemtekea, umemkunjulia uso. Amekuombea dua ukaitikia amin, na wajua ulomfungia." Akapangusa mikono kwenye leso. "Mimi nala mkononi mwako asubuhi na jioni. Basi nambia, mwanangu. Mimi nikikuudhi, huwa wanifanyani?"

Nilimwambia sijawahi, nikamwapia. Alinisikiliza mpaka mwisho na kutikisa kichwa kwa adabu, kama mtu atikisavyo kwa maneno ya mgeni. Hakuwa na hasira hata kidogo. Aliniuliza kwa sababu hakujua.