Nyongeza ya Bi Zuhura

Maziwa yakiungua, harufu yake haikai jikoni. Jana iliruka ukuta kutoka kwa jirani, ikanikuta barazani nasahihisha madaftari ya hisabati, mada ya ujazo, wanafunzi themanini na mmoja, na nusu yao wameandika kwamba lita ina mililita mia. Nikaweka kalamu chini. Jamani, nimechoka. Lakini si madaftari yaliyonichosha, ngoja niwaambieni.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Ukonga, na mama, mtu wa Moshi, alifuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba. Maziwa aliyauzia mlangoni kwa kikombe cha bati, kikombe kimoja robo lita. Akishapima, alichota tena kwenye ndoo akamimina kidogo bila kutazama. Hiyo ndiyo nyongeza. Mteja wa kwetu asipopewa nyongeza anaona umemwibia, hata kama kipimo kimejaa mpaka kinamwagika.

Bi Zuhura, jirani wa nyumba ya pili, alinunua robo kila asubuhi. Alikuwa analea mjukuu mchanga aliyefiwa na mama yake. Kwake mkono wa mama ulikuwa na wazimu: nyongeza ilishinda kipimo chenyewe.

"Haya, mkono umeteleza," mama alisema.

"Na uteleze tu, mwanangu," alijibu Bi Zuhura, wakacheka. Kila siku utani uleule, mpaka mie nikawa naona aibu kwa niaba yao.

Nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu wetu alitufundisha ujazo kwa chupa ya lita moja aliyoichora mistari kwa kalamu ya wino. Alitupigisha magoti sakafuni, jicho lilingane na maji, ndipo usome. "Lita ni lita," alisema, "haina undugu." Loo, niliyapenda maneno yale! Nikaenda nyumbani kutengeneza chupa yangu.

Basi asubuhi moja miguu ya mama ilivimba, akaniachia ndoo. Bi Zuhura akaja na sufuria yake. Shikamoo, marahaba, nikajaza chupa mpaka kwenye mstari wa robo, nikainama, nikahakikisha, nikamimina. Yeye akabaki ameshika sufuria vilevile.

"Mkono hautelezi leo?"

"Bibi, hii ndiyo robo. Mama huwa anakupa zaidi ya nusu lita."

Nilisema kwa sauti ya darasani. Nyuma yake walisimama wateja wawili. Wakanitazama mie, kisha wakaitazama sufuria.

Bi Zuhura akaifunika kwa pindo la kanga. "Ahsante, mjukuu wangu. Kumbe nakula vya watu." Akaondoka.

Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Siku ya tatu mama, na miguu yake ileile, akajaza kidumu akampelekea. Nilimwona akirudi nacho, kimejaa kama kilivyotoka. Akakaa kizingitini, akanyoosha miguu. Nikangoja kofi. Heri angenipiga.

"Anasema yeye alikuwa mteja, si ombaomba," alisema, kachoka, hana hata hasira. "Umeshapima, mwanangu. Sasa nitampaje?"

Mie nikadhani ananiuliza kipimo. Nikamwambia ampe nusu lita.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, ndipo nilipoelewa kwamba mkono ule haukuteleza hata siku moja. Utani ndio uliomwezesha mmoja kutoa na mwenzake kupokea, pasiwe na wa kumshukuru mtu wala wa kuona haya. Nikaupima, ukaisha. Mtoto yule alikuzwa kwa uji wa maji matupu, nyumba ya pili kutoka kwenye ndoo yetu. Na mama, tangu siku ile, hakutia tena maziwa kwenye chai yake. Miaka yote hiyo nilidhani daktari kamkataza.