Mama Amekaa?

Octave, seremala wa Kikula kule Jadotville, ndiyo Likasi yetu ya leo, alikuwa na msumeno wa umeme ulioachwa na Mzungu aliyekimbilia Rhodesia. Ulining'inia kwenye mkono wa chuma juu ya meza, na ukiuvuta kukata, ulikuwa na tabia ya kumrukia mtu. Ulipolia, kuku wa Kakanda, mbali kule, walitaga kabla ya siku zao.

Octave aliuita Mama Mukwe. Kwani mama mkwe humsimamii njiani, hupitishi mkono mbele yake, wala hugusi chakula mpaka yeye awe amekaa. Kila alipokata, Octave aliusukuma nyuma hadi mwisho wa ule mkono wa chuma, akauzima, ndipo akashika ubao. Mkewe, Emérance, huuliza kutoka jikoni, "Mama amekaa?" Naye hujibu, "Amekaa." Mama mkwe mwenyewe, Mama Hortense, akisikia hayo alicheka mpaka meno yake mawili yaliyobaki yakagombana.

Vita ya Katanga ikaja. Mama Hortense akafa, si kwa risasi, kwa homa, njia ya hospitali ikiwa imefungwa. Octave alikuwa akikata mbao za jeneza lake, machozi yamemjaa, mara kuraa, umeme wenyewe, ikakatika. Msumeno ukanyamaza katikati ya ubao.

"Kuraa imekufa," akasema Michel, kaka wa Emérance. "Padri iko anangojea. Vuta ile bao, tumalize na musumeno ya mukono."

"Meno yamebana."

"Weye! Unaogopa mama hata akiisha kufa?"

Octave akaona haya. Akapeleka vidole kwenye meno.

"Octave!" Sauti ya Emérance ilikuwa imekauka kwa kilio. "Mama amekaa?"

Mkono wa Octave ukasimama. Lilikuwa swali la kila siku. Akatazama swichi: haijazimwa. Akaizima, akachomoa na waya ukutani.

Kabla hajanyoosha mgongo, redio ya jirani, iliyosahauliwa bila kuzimwa, ikaanza kuimba kwa nguvu. Kuraa ya bwawa la Mwadingusha ilikuwa imerudi, wala haikupiga hodi. Michel akatazama meno ya msumeno, kisha vidole vya shemeji yake.

Octave akausukuma msumeno polepole hadi mwisho.

"Amekaa," akajibu.

Walipomshusha kaburini, Octave, ambaye hakuwahi hata kumpa mama mkwe mkono, ndiye aliyeshika jeneza upande wa kichwa. Alilishika kwa vidole vyote.