CV Moja ya Wilaya Nzima

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, juu ya lile la chanjo ya mbuzi. Anatakiwa karani wa stoo, kambi ya Pande, elimu kidato cha nne. Wenyeji watapewa kipaumbele. Halafu mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa: maombi yatapokelewa kwa njia ya mtandao tu.

Kampuni ilikuwa imekuja kutafuta gesi. Wakati huo kila kitu kilishakuwa cha kampuni. Serikali ya kukupangia kazi ukimaliza shule waliipata baba zetu. Mimi nilikuwa na kidato cha nne, mtoto wa kike aliyekuwa bado ananyonya, na baba wa mtoto aliyesema anakwenda Mtwara kutafuta maisha. Akayapata, akayala peke yake.

Mama yangu alikuwa anauza chai na chapati stendi ya Nangurukuru. Alinipa sharti akiwa anakanda unga, hata hakuniangalia: kama ufuta utavunwa sijapata kazi, mtoto aende Likawage kwa bibi yangu, mimi niende Dar nikafanye kazi za ndani kwa binti wa rafiki yake.

"Meza hii hailishi midomo mitatu, mwanangu. Wewe mwenyewe unaona."

Nilikuwa naona. Nikipata stoo, nabaki na mtoto. Nikikosa, simwoni. Na stoo naijua, hilo ndilo lililoniuma zaidi baadaye. Kabla sijajifungua nilikuwa karani wa ghala la ufuta la chama cha msingi cha wakulima kulekule Likawage, misimu miwili. Nilipima magunia, nikaandika stakabadhi, nikafunga ghala na kulifungua, na halikupotea gunia.

Nikambeba mtoto mpaka Kilwa Masoko, kwenye steshenari yenye intaneti. Mwenye duka tulikuwa tunamwita mtaalamu.

"Karibu dada. CV?"

"CV. Ya karani wa stoo."

"Wiki hii Kilwa nzima ni makarani wa stoo," akacheka. Akafungua CV iliyokwisha kuandikwa, akafuta jina la aliyetangulia, akaweka langu. Ndivyo CV zilivyokuwa zinaandikwa kwetu, kama sare ya harusi: kitambaa kimoja, kila mtu anaingiza mwili wake humohumo.

Nikamwambia aandike habari za ghala la ufuta. Akaacha kuchapa, akanigeukia.

"Ufuta? Dada, hawa ni wazungu. Unataka wakuone mkulima?"

"Sijasema kulima. Nimesema kutunza ghala. Na kazi yenyewe si ni kutunza ghala?"

"Nisikilize mimi. Mimi CV natuma kila siku. Wewe hii ni ya ngapi?"

Ya kwanza. Akaendelea. Nikawa mchapakazi, ninayejituma, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Ninapenda kusoma, kuangalia mpira na kubadilishana mawazo. Mpira! Mimi! Mtoto alianza kulia, nikamhamishia titi la pili, nikamwacha aandike. Mwenye kompyuta ndiye alikuwa anajua, au ndivyo tulivyofundishwa kuamini.

"Imeili?"

"Sina."

"Basi tunaweka ya hapa dukani. Nyie nikiwafungulia za kwenu mnasahau paswedi, halafu mnakuja kunililia."

Akabonyeza. Tukasubiri. Ikaja sentensi ndefu ya Kiingereza, yeye akasoma neno la mwanzo tu, akapiga makofi. "Asante! Wamekushukuru, dada. Limeingia hilo."

Nikarudi nyumbani nimeshukuriwa. Kila nilipokwenda Masoko nikawa napita kuuliza, na kila nilipouliza nikaambiwa vuta subira, wazungu hawana haraka.

Ufuta ulikuwa umeanza kukauka mashambani kampuni ilipoitisha mkutano kwenye uwanja wa shule Pande, maana watu walishaanza kunung'unika kwamba kambini wanaingia wageni watupu. Afisa mahusiano wao alikuwa dada wa Dar, mtaratibu, miwani ya jua kaipandisha kichwani.

"Ndugu zangu," akasema, "mnalalamika kazi zinachukuliwa na watu wa nje. Lakini kwa nafasi ya stoo, wilaya nzima tumepata ombi moja. Moja! Hizo kazi mnazitaka kweli?"

"Hawa kazi yao bao na kahawa!" mzee mmoja akadakia mbele, watu wakacheka, na kina mama wenzangu wakacheka pia. Mimi nikasimama, mtoto mgongoni.

"Dada, mimi niliomba."

"Pole. Huenda halikufika."

"Lilifika. Mlinishukuru."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Akasimama kijana mmoja wa palepale Pande. "Hata mimi mlinishukuru." Na mwingine nyuma yake: "Na mimi!" Mama muuza samaki akapaza sauti, "Jamani, kampuni hii ina adabu! Inashukuru watu wote!"

Yule dada hakucheka. Akauliza tuliombea wapi. Tukajibu kwa pamoja: kwa mtaalamu. Akauliza kwa imeili ya nani. Ya dukani, tukasema, kila mmoja wetu.

Akatueleza polepole, kama anayezungumza na wagonjwa. Mashine yao inamtambua mtu kwa imeili yake. Imeili moja, mtu mmoja. Ukiingiza ombi jingine kwa imeili ileile, mashine inaona umebadilisha mawazo. Inafuta la kwanza, inaweka la pili. Ile sentensi ya Kiingereza ilikuwa inatushukuru kwa kurekebisha ombi letu. Kwa hiyo Kilwa nzima ilikuwa mtu mmoja, anayependa mpira, anayebadilisha jina kila siku. Na huyo mtu naye hawakumwita, maana CV yake haikuwa na cha kuitiwa.

"Basi pokea yangu sasa," nikasema. "Nimetunza ghala misimu miwili. Muulize yeyote wa Likawage."

"Nafasi imeshajazwa, mdogo wangu. Na kwa mkono hatupokei. Fungua imeili yako mwenyewe, ujaribu tena."

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa mtaalamu. Matusi niliyomtukana siyaandiki, mama yangu anajua kusoma.

"Sasa mimi ningejuaje?" akasema. "Nilikuwa nawasaidia."

"Inuka hapo."

"Dada, hiyo ni kompyuta ya biashara..."

"Nimesema inuka."

Akainuka. Nikachapa kwa kidole kimoja, mtoto anavuta nyaya chini ya meza. Nikafungua imeili yenye jina langu. Ghala la ufuta nikaliweka juu kabisa, na mpira nikautupa. Nikatuma kwa kampuni bila nafasi yoyote kutangazwa.

Lakini ufuta ulivunwa, na mama hakurudi nyuma. Mtoto nilimwachisha ziwa kwa shubiri. Nilijipaka mwenyewe, nikamwona anavyokunja uso, anarudi tena kujaribu, anakunja tena. Bibi akaja kutoka Likawage kumchukua. Mimi nikapanda basi la Dar, kifua kimejaa maziwa na blauzi imelowa, abiria wa jirani anajifanya haoni.

Nikafua nguo za watoto wa mtu. Misimu ikapita, mimi nafua. Siku moja nikiwa naanika, simu ikaita.

"Wewe ndiye wa ghala la ufuta?" Sauti ya mwanaume, kutoka kambini. Karani wao wa mwanzo alikuwa amewakimbia. Akaniuliza ningefanyaje mzigo ukija pungufu na dereva anataka saini. Nikamjibu, kwa sababu madereva wa ufuta walishanifanyia hivyo. Akasema njoo. Mpira hakuuliza.

Naambiwa sasa mbona bado una hasira, si kazi ulipata? Nilipata. Mshahara wa kwanza ulipotoka, nikaenda Likawage kumchukua mwanangu. Alikuwa mrefu. Alikuwa anaongea Kimatumbi. Alijificha nyuma ya bibi yangu, amemshika nguo kwa mikono miwili, na bibi akawa anamsukuma mbele.

"Msalimie, basi. Nani huyo?"

Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, kwa heshima kabisa, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," nikaitikia.