Epo za Mama Mkwe Uani Kwetu Tabata

Ipo siku moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu: siku mama mkwe wangu alipotandaza epo uani kwetu Tabata, nami nikamwangalia bila kusema neno. Nilikuwa mke mpya. Mume wangu Yusufu ni mtu wa Njombe, na tulipofunga ndoa kwetu Temeke mama yake alikuwa mgonjwa, hakuweza kusafiri. Baba yangu hakulipenda jambo hilo. Kila nikienda kumsalimia alikuwa na lake la kusema, kwamba ameniozesha kwa watu asiowajua, hata mama mtu hajamtia machoni. Kwa hiyo mama mkwe alipopata nafuu akapanda basi akaja, na safari yake ilikuwa na jambo moja tu, kwenda kukaa na baba yangu ili wajuane.

Alikuja na gunia la matufaha, haya tunayoyaita epo, aliyoyachuma mitini kwake mwenyewe. Zilikuwa ngumu, tamu, zenye maji, lakini rangi hazikuwa nayo: kijani iliyopauka, na wekundu kidogo upande mmoja. Mwaka ule mawingu yalikuwa mengi kwao, naye hakuweza kungoja kwa sababu ya safari. Sasa alipoona epo nyekundu zinazong'aa kwenye meza za matunda za hapa mjini, akaingiwa na wasiwasi. Aliona aibu kupeleka kwa wakwe kitu kilichopauka.

Akaniambia kwao wanajua la kufanya, kwamba epo hata ikishachumwa inaweza kuongezwa rangi. Unatandaza majani makavu chini, unayanyunyizia maji, unazipanga epo moja moja, upande uliopauka ukitazama juu. Jua likiwa kali unazifunika. Asubuhi na jioni unazifunua zipate mwanga na umande, kisha unazigeuza. Siku zikipita, wekundu unapanda. Na hakuwa anatunga. Kwao ni kweli kabisa.

Lakini mimi nilikuwa na genge la matunda jirani na nyumbani, na epo nilikuwa nazijua. Kwao zinapata rangi kwa sababu usiku wa Njombe unakuvalisha sweta na blanketi juu yake. Mwanga peke yake hautoshi, lazima na baridi iwepo. Tabata tunalala madirisha wazi na bado tunajipepea. Ukiiacha epo kwenye joto hilo haiwi nyekundu. Inageuka njano, inanywea, ndani inakuwa kama unga.

Nilijua yote hayo, nikanyamaza. Nikamfagilia uwanja, nikamtafutia majani, nikamchotea maji ya kunyunyizia. Nilijiambia hiyo ndiyo adabu, kwani mke aliyeingia juzi atamfundisha nini mama mkwe kazi aliyoifanya maisha yake yote? Moyoni nilijipongeza hasa. Nilijiona mkwe wa kupigiwa mfano.

Siku kadhaa zikapita, na Jumamosi asubuhi, kesho yake ndiyo siku ya kwenda Temeke, akazifunua. Akaibonyeza moja kwa kidole gumba, ganda likabonyea na kubaki hivyo. Akaibonyeza na nyingine. Kisha akakaa kwenye kigoda, akaniita.

"Wewe si unauza matunda?"

"Ndiyo, mama."

"Ulijua zitaharibika?"

Nikamjibu kwamba nilijua, ila niliona haya kumsahihisha mtu mzima.

"Mgeni ndiye watu wanamwacha akosee, wanamchekea, anaondoka zake," akasema. "Mimi nilidhani nimekuja kwa mwanangu."

Neno hilo liliniuma sana. Angenigombeza ningeona afadhali. Nililia pale pale uani, naye hakunibembeleza. Alinivutia lile gunia, akasema tuchague zilizobaki. Maana hakuwa amezitoa zote, uwanja wetu ulikuwa mdogo. Zile za kwenye gunia zilikuwa zimekaa ndani kivulini, bado ngumu, na rangi yao ile ile ya kupauka.

Tulipokuwa tunazifuta akaniuliza kama si vizuri tuchanganye na nyekundu chache za gengeni kwangu, tuziweke juu. Mdomo wangu ulishaanza kusema utakavyo mama. Nikajikaza.

"Hapana, mama. Baba nampelekeaga hizo hizo za gengeni, atazijua. Mie naona twende na zako."

Akanitazama, akacheka kidogo, akaendelea kufuta.

Temeke baba alipokea kikapu, akaichukua moja, akaigeuza geuza, akauliza kama hazijaiva. Mama mkwe akamweleza kila kitu, hakuficha hata kidogo. Akasema zimeiva, rangi ndiyo hazina, na zile alizotaka kuzitia rangi amezipika kwa joto la Dar huku mimi nikimtazama. Baba akanigeukia kwa ukali akaniuliza kwa nini sikusema. Kisha akaanza kucheka, wakanicheka wote wawili, na epo baba akaila mpaka mbegu. Habari ya watu asiowajua sikuisikia tena. Tangu siku hiyo mama mkwe akawa dada kwa baba, na mimi nikawa mwanawe kweli. Alipofariki nilimlilia kama mama aliyenizaa.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kumheshimu mkubwa si kumwacha aharibikiwe mbele ya macho yako. Ukijua, sema, na useme mapema, mkiwa wawili, kwa sauti ya chini. Kama unaona haya, anza kwa kuuliza. Mimi ningemuuliza tu, "Mama, kwenu usiku huwa baridi kuliko huku?" ingetosha, angeelewa mwenyewe.

Nakwambia haya kwa sababu leo mimi ndiye mama mkwe. Wake za wanangu wana adabu nzuri, kila ninalosema ni ndiyo mama. Juzi nilizidisha chumvi kwenye mchuzi, wakala wote kimya, nikalala na huzuni. Mungu akupe ulimi laini na moyo wa kuutumia, na akujaalie wakubwa wanaosikia. Na ukija kwangu ukaniona nakosea, niambie, nisije nikafa mgeni nyumbani kwangu. Amina.