Jarida la Alhamisi na Simu ya Jumapili

Ofisi yangu ya uwakili iko Mbinga mjini, nyuma ya duka la pembejeo. Wateja wangu wengi ni wakulima wa kahawa kutoka vijiji vya Kitura na Ruanda, na mara nyingi upande wa pili wa kesi hauna wakili. Kwa hiyo hupita miezi mtu hajaniita "wakili msomi mwenzangu", kama mawakili tunavyoitana mahakamani. Usidhani ni majivuno. Ni kama kukaa ugenini muda mrefu bila kusikia lugha ya kwenu.

Ndiyo maana nililipenda jarida letu la sheria. Hutoka kila wiki, tangu kabla sijazaliwa, na kwangu lilifika Alhamisi kwa basi la Songea. Kwa asiyeijua kazi yetu, nieleze kidogo: hakimu hatazami sheria iliyoandikwa tu, hutazama pia mahakama za juu ziliamua nini katika kesi inayofanana na iliyo mbele yake. Jarida hutuletea maamuzi hayo, nasi tunayabishania. Lakini kubishana kunahitaji watu wawili.

Wa pili wangu alikuwa hakimu mstaafu anayeishi Mbamba Bay, ziwani. Nikimaliza kusoma, nililipakia jarida kwenye basi la kuteremka huko. Jumapili akitoka kanisani alinipigia, tukabishana mpaka salio limwishie. Siku nyingine zote nilikula peke yangu nikipanga hoja za kumjibu.

Mwaka huu wahariri walitangaza kwamba jarida halitachapwa tena, litasomwa kwenye simu tu. Sikuwaza karatasi. Niliwaza Jumapili.

Nikateremka Mbamba Bay, nikamkuta barazani na binti yake anayemtunza.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu. Jarida liko wapi?"

Nikamwekea simu mkononi na kumwonyesha namna ya kukuza herufi. Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali.

"Neno moja limejaa kioo kizima! Hukumu hii nitaimaliza nikiwa marehemu."

"Baba, jamani!" binti akamkemea.

"Basi nisomee wewe," akaniambia.

Nikasoma. Ilikuwa kesi ya shamba la ukoo, na nilipofika kwenye uamuzi akasema jaji amepotoka. Nikajikuta nimesimama wima kumjibu, kwa kuwa wakili hamjibu hakimu akiwa amekaa. Binti akacheka mpaka akashika mlango.

"Keti, dada! Hawa samaki wa usipa wanapoa, na ugali pia."

"Mwache," mzee akasema, uso umechangamka. "Wakili msomi, endelea."

Tukakubaliana nimsomee kwa simu kila Jumapili. Kama nawe una mzee aliyeachwa na macho yake, jaribu, si kazi ngumu. Soma taratibu, tua kila mwisho wa aya, mpe nafasi ya kukukatiza. Kwetu shida ni mtandao tu. Upande wa ziwani hukatika bila kuaga.

Jumapili iliyopita nilisoma hukumu ndefu, aya baada ya aya, nikifurahi kwamba kwa mara ya kwanza hanipingi.

"Mheshimiwa, upo?"

Nikatazama kioo: simu ilikuwa imeshakatika. Nikapiga tena, hapatikani. Nikarudi nyuma kwenye hukumu, nikaweka alama pale nilipodhani alinisikia mara ya mwisho, nikakaa kusubiri.