Selpher na Mikanda ya Ndege ya Kiragu

Selpher, fundi wa kushona turubai za malori pale Kenyatta Market, hakuamini mtu. Nyama aliyopimiwa na mchinjaji aliipima upya kwa jirani. Mimi Nyakio nikimsuka, mkono wake ulikuwa kisogoni ukihesabu mistari. Niliudhika kila mara, lakini tulikuwa marafiki.

Mwaka 1974 mumewe Sifuna, seremala, alikuwa akimsaidia makanika Kiragu kuunda ndege ndogo nyuma ya nyumba, karibu na Dagoretti Corner. Malipo yake yalikuwa kiti cha pili siku ya kuruka. Kiragu akamwomba Selpher ashone mikanda ya kufunga watu vitini. Akashona, kila mshono mara nne. Siku mikanda ilipofungwa ndegeni, akaniburuta twende tukaone.

Kiragu alikuwa ameifunga kwenye viti.

"Na kiti imeshikwa na nini?" Selpher akauliza.

"Skrubu, kwa plaiwudi ya sakafu. Mama Nanyama, kwani huniamini?" Kiragu akajibu, akimwita Selpher kwa jina la mtoto wake.

"Ndege ni yako. Bwana ni yangu. Leta gunia ya mahindi."

Aibu ilinishika. Gunia la kilo tisini likakalishwa kitini, likafungwa mikanda. Kiunzi cha ndege kikafungwa mtini kwa mnyororo, na gunia kwa kamba kwenye pikapu ya Kiragu. Sifuna alikuwa akicheka. Pikapu ikachomoka kwa nguvu. Mikanda haikuachia hata uzi mmoja. Kiti ndicho kilichong'oka, kikaburutwa uani na gunia likiwa bado limefungwa vizuri kabisa. Sifuna akaacha kucheka, maana sakafu ile aliiunda yeye.

Kiragu hakubisha tena. Mikanda akaihamishia kwenye mabomba ya chuma ya kiunzi. Selpher akadai gunia mara ya pili, halafu ya tatu.

Waliporuka safari ya pili, injini ilizimika, ndege ikaanguka kwa pua shambani, upande wa Ngong. Kiragu alivunjika mguu. Sifuna akaja sokoni alasiri ile kwa miguu yake mwenyewe, akatukuta saluni kwangu, akadai hana hata mchubuko.

"Vua shati," Selpher akasema, mbele ya wateja wangu.

Kifuani palikuwa na alama mbili nyeusi zilizoshuka kutoka mabegani, upana ule ule wa mikanda. Selpher akazifuata kwa kidole polepole, kama anavyokagua mshono. Alipofika mwisho aliketi sakafuni, juu ya nywele zilizokatwa, akalia kwa sauti.