Mashine Iliyotaka Mbao Kavu Kyela

Kyela hakuna kitu kikavu. Chumvi inajikusanya kuwa bonge ndani ya kopo, viberiti vinakataa kuwaka, na shuka ulilolifua juzi bado linanuka maji. Masika yakipita hali inakuwa nafuu kidogo, lakini hata wakati huo hewa yenyewe unaweza kuikamua. Haya anayajua kila mtu wa huku, na madereva wa malori wanaopita kwenda mpakani Kasumulu wanayajua pia. Asiyeyajua ni kampuni moja ya mashine za useremala ambayo ilikubali kuniuzia mashine ya randa, ikaniandikia dhamana, ikanipa na namba ya simu ya huduma kwa wateja.

Nilirudi kijijini kwetu Bujonde nikiwa nimevuka miaka arobaini. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya useremala Mbeya, Tunduma, Dar es Salaam, hata Karonga ng'ambo ya mto Songwe. Kila nilipokaa nilikumbuka nyumbani, na kila niliporudi nyumbani nilianza kukumbuka nilikotoka. Dada yangu, mkubwa kwangu, aliujua ugonjwa huo. Safari hii nilipomwambia nimerudi moja kwa moja, alinionyesha banda lililokuwa la ng'ombe wa marehemu baba, akasema, "Weka mashine yako humo, tuione kwanza."

Dada ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolima kakao. Miaka yote walikuwa wakivundika mbegu zao kwenye majani ya migomba, wanazirundika, wanazifunika, mvua inaingia, nusu inaoza. Mnunuzi mmoja alikuwa tayari kuchukua kakao yao yote ya msimu ule kama ingevundikwa kwenye masanduku ya mbao. Bila masanduku wangerudi kuuza mbegu mbichi kwa madalali wa barabarani, na hilo hakuna aliyelitaka. Basi kwenye mkutano, mimi nikiwa nimekaa nyuma, dada alisimama.

"Mdogo wangu amerudi na mashine. Masanduku atatengeneza yeye."

Mama mmoja jirani yetu, mwenye ulimi ambao hata mchungaji anaukwepa, aliuliza, "Amerudi kukaa au amerudi kusalimia?"

Wakacheka wote. Dada hakucheka.

"Amerudi kukaa. Masanduku yasipokuwepo kakao ikiiva, mwenyekiti mtafute mwingine."

Nilitamani asingesema. Lakini alikwisha sema, mbele ya watu, na dada yangu si mtu wa kumeza neno lililokwisha toka.

Siku ya kwanza mashine ilifanya kazi vizuri mno, na huo ukawa mwanzo wa matatizo. Akina mama walikuja wote kutazama. Nilisukuma ubao wa mvule kutoka upande huu, roli zikaudaka, zikauvuta zenyewe, ukatokea upande wa pili laini kama uso wa bibi harusi. Yule jirani aliuchukua akauweka shavuni. "Yote yawe hivi," akasema, na wenzake wakaitikia. Tangu saa ile masanduku ya kakao yakawa lazima yawe laini.

Wiki haikuisha. Nilikuwa nasukuma ubao, nikasikia mlio kama wa mbwa anayetafuna mfupa, kisha roli zikasimama. Visu vilikuwa vinazunguka kwa nguvu zote, lakini hakuna cha kuuvuta ubao. Mashine ilinguruma mbele yangu kama mtu anayefoka bila kufanya kazi.

Nilitaka kuifungua palepale. Lakini karatasi ya dhamana ilisema asiifungue mtu yeyote isipokuwa fundi wao, nami, kwa ujinga wa mtu aliyesoma hadi sekondari na kuheshimu kila kilichochapwa, nikapiga simu. Dada akaninyang'anya simu. Kwetu mkubwa ndiye anayesemea shida ya nyumba.

"Ugonile," alisalimia kwa Kinyakyusa, kwa adabu yote.

Simu ikajibu, "Asante kwa kuchagua bidhaa zetu."

"Ndaga, asante, mwanangu. Huko mmeamkaje?"

"Kwa Kiswahili, bonyeza moja."

"Nyumbani wazima? Watoto?"

"Kwa maelezo zaidi, bonyeza mbili."

"Huyu mtoto hasalimii," dada alinigeukia. "Kalelewa na nani?"

"Hiyo ni mashine, dada. Si mtu."

Aliitazama simu, akalitazama banda. "Yetu inaumwa, wao wanaleta nyingine iongee? Haya, ziongee zenyewe." Akanirudishia.

Baada ya muziki mrefu nilimpata binti mwenye sauti ya asali. Aliniita mpendwa mteja. Nimependwa mara chache maishani mwangu, na sijawahi kupendwa kwa haraka namna ile.

"Mpendwa mteja, mbao unazotumia zina unyevu asilimia ngapi?"

"Sina kipimo. Ni mbao za kawaida."

"Mwongozo unaelekeza mbao zihifadhiwe sehemu kavu."

"Dada yangu, niko Kyela."

"Kyela ni mkoa gani?"

"Mbeya."

"Sawa. Naandika Mbeya."

Nikamsikia akiandika. Hivyo ndivyo nilivyohamishiwa kwenye baridi na vumbi la Mbeya mjini, mimi na banda langu, bila kubeba hata kikombe.

Nilipopiga tena nilipokewa na kijana mwingine, ambaye hakuwa na habari yoyote juu yangu. Nikaeleza upya. Wa tatu naye akataka nianze mwanzo. Huyu ndiye aliyeniambia nirudishe mashine Dar es Salaam ikiwa ndani ya boksi lake la mbao, lilelile.

Sasa, boksi lile. Mashine ilipofika ilikuwa ndani ya sanduku kubwa la paini, nami nililiacha nje ya banda. Siku chache baadaye alifariki mzee wa upande wa pili wa mfereji. Kwetu kukiwa na msiba wanaume hukaa nje, wengi, siku nyingi, na kila kitu bapa kilichoko jirani hubebwa kwenda kukaliwa. Hakuna anayeomba wala anayekataa. Boksi langu lilipasuliwa likawa mabenchi, na msiba ulipokwisha mabenchi yakaendelea na msiba mwingine, Ipinda huko.

"Boksi liko msibani," nilimjibu kijana.

"Pole sana kwa msiba, mpendwa mteja. Litarudi lini?"

Ilibidi nikate simu. Dada aliyekuwa akisikiliza alicheka mpaka akakaa chini. Lakini kicheko kilipokwisha alitazama shambani, na mimi nikatazama. Maganda ya kakao yalikuwa yameanza kugeuka njano.

Niliazima randa ya mkono, yangu nikiwa nimeiuza Tunduma nilipotafuta nauli. Nilisukuma mpaka mabega yakawaka. Mvule mbichi ukijaa kwenye randa hautoki, unaacha kazi kila dakika kuchokonoa, na kwa mwendo ule nilikuwa na uhakika wa kumaliza masanduku msimu wa mwaka unaofuata. Jirani akipita njiani haachi kuuliza, "Fundi wa simu, wamepokea?"

Hatimaye walimtuma mtu. Kampuni ilinijulisha kwa ujumbe kwamba fundi wao bingwa atafika, na kweli alifika, asubuhi, na gari lenye nembo, amevaa viatu vyeupe. Kwa nini mtu avae viatu vyeupe kuja Bujonde ni swali la kuwauliza waliomfundisha. Alipiga picha sakafu ya banda na kusema ilipaswa kuwa ya zege. Kisha akapiga picha ukuta, paa, na mimi.

Siku zile umeme ulikuwa ukikatika mchana karibu kila siku. Nilichotaka ni kimoja tu: awashe mashine, aone kwa macho yake roli zimekufa, aandike. Niliinua mkono kwenye swichi.

"Karibu, tata," dada alimwambia mgeni kwa heshima, nyuma yetu. "Maji ya kunawa haya."

Nilimkonyeza. Akanikonyeza pia, kwa ukali kuliko mimi. Mkeka ulikuwa umetandikwa, jirani na wenzake walikuwa wamepika tangu alfajiri: mbalaga, zile ndizi za kupika, na nyama, wali wa huku unaonukia hadi barabarani, na samaki aliyetoka ziwani Matema asubuhi ileile. Ningeweza kumkatisha dada. Lakini nimezunguka kote huko na sijawahi kuona kwetu mgeni akikabidhiwa bisibisi kabla ya maji ya kunawa. Shida yako unaieleza mgeni akishashiba. Ukianza nayo, ni kama unamwambia hukumwita yeye, umeita mikono yake.

Basi fundi bingwa alikula. Alikula kwa heshima kwanza, kisha bila heshima. Akaongezwa, akakataa, wakamwongeza tena kwa kuwa kukataa mara moja hakuhesabiki. Akasimulia habari za kiwanda chao, wafanyakazi wake wanavyovaa kofia ngumu hata wakati wa kula. Akina mama wakamshangilia. Mimi nilikuwa natazama taa ndogo nyekundu juu ya swichi. Akiwa anachokonoa meno, taa ikazimika.

"Umeme umekatika," nilisema.

"Utarudi saa ngapi?"

"Hilo wapigie watu wa umeme, huduma kwa wateja wao."

Hakucheka. Alisubiri kidogo, akatazama saa, akasema ana mteja mwingine Tukuyu. Nilimwomba afungue tu ubavu wa mashine, atazame kwa tochi. Akasema utaratibu ni kupima mashine ikiwa inatembea, ndipo ifunguliwe. Akabeba mkungu wa ndizi aliopewa na dada, akaondoka. Jioni nikapata ujumbe: tatizo halikuthibitishwa, shauri limefungwa, tunakushukuru kwa uvumilivu wako. Uvumilivu wangu sikuwapa. Waliuchukua wenyewe, kama ule mkungu.

Dada aliusoma ujumbe mara mbili. "Chakula chote kile," alisema, na hilo ndilo neno pekee la kujuta nililowahi kumsikia akisema.

Kesho yake nilifungua mashine. Dhamana ife, ikazikwe. Ndani, pale nguvu yote ya mota inapopita kwenda kwenye roli, kulikuwa na gia ya plastiki nyeupe, meno yake yamelika kama kitana cha zamani. Niliiweka kiganjani. Nikaikumbuka karakana ya misheni nilikojifunzia kazi, ambako kulikuwa na randa ya chuma tupu, nzee kuliko walimu wetu, iliyopakwa grisi kila Jumatatu. Walioitengeneza walikuwa wamekufa zamani, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniita mpendwa. Mashine ile ilikula mbao zilizokuwa zikitoa maji, na kutuuliza kama kuna nyingine.

Fundi chuma wa Tunduma alisema kwa simu anaweza kuchonga gia ya chuma, ila ana kazi nyingi, nisubiri. Kakao haikuwa na nafasi ya kunisubiri.

Dada aliitisha mkutano kabla sijamwomba. Nilikwenda nikiwa nimekwisha kunja nguo zangu mbili tatu kwenye begi, sitaki kusema uongo. Miguu yangu inajua kuondoka kabla kichwa hakijaamua. Alisimama, akaeleza kila kitu, boksi, unyevu, gia. Hakunitetea. Mwisho akasema, "Niliahidi masanduku. Laini hayapo. Mbao zipo, fundi yupo, anaweza kuyapiga hivyohivyo na makwaruzo yake. Mkikataa, kiti hiki hapa."

Yule jirani akasonya.

"Kwani kakao inaenda harusini? Si italala humo tu inanuka? Apige masanduku."

"Ulisema mwenyewe yote yawe laini," mwenzake akamwambia.

"Nilisema siku nimeona laini. Leo sijaona. Apige!"

Nikapiga. Nilifanya kazi kutwa, wao wenyewe wakishika mbao upande wa pili, wakinisema bila kupumzika. Viungo nilivifunga kwa vigingi vya mbao, kwa sababu msumari ukigusana na mbegu zinazochacha huziharibu, na chini nikatoboa matundu ya kuchuruza maji. Yalikuwa masanduku mabaya ya kutazama, yenye nywele kama mbuzi. Kakao ilipoanza kuvunwa yalikuwa yamepangwa kwenye kibanda cha kikundi, na dada alikuwa bado kwenye kiti chake. Mnunuzi alipokuja kupasua mbegu na kunusa, alitikisa kichwa kukubali, hakuuliza mbao zimerandwa na nani.

Ila mikono. Mbegu zikivundikwa lazima zigeuzwe, zihamishwe sanduku hadi sanduku, na kila anayegeuza anatoka na vibanzi vya mvule vidoleni. Siku ya kwanza ya kugeuza nilikuwa nimesimama mlangoni, mvuke wa siki unanichoma macho, huku akina mama wakichomoana vibanzi kwa pini na kunitukana kwa zamu: mimi, mashine yangu, kampuni yangu, mpaka viatu vyeupe vya yule mgeni. Jirani aliapa kwamba kibanzi chake kina ukubwa wa mwiko.

Dada alitoka akijipangusa mikono kwenye kitenge. Alikuwa ameliona begi miguuni pangu, nadhani, maana halikuwa limefichwa.

"Unaondoka?"

Nililisogeza begi kwa mguu.

"Ukiondoka," alisema, "hawa watamtukana nani?"

Akarudi ndani. Nikalirudisha begi nyumbani, nikachukua sepetu ya mbao, nikaingia kugeuza.